Tumbo la Pakhom Lapunguzwa Tena

Saa mbili asubuhi, makumbusho ya mji wa Staropesk bado yamefungwa, na Kapitolina Yegorovna anachomoa pamba tumboni mwa tajiri. Anavuta bonge moja, analitazama, anaguna, anavuta jingine.

"Tulia, Pakhom," anamwambia. "Si mara yako ya kwanza."

Pakhom Rukavitsyn ni sanamu. Mwenyewe alikuwa na kiwanda cha kamba zama za wafalme, akafa bila kuacha picha hata moja. Kilichobaki ni koti lake la sufu, na kila utawala umetia ndani ya koti hilo mtu uliyemtaka.

Kapitolina, mwenye miaka sitini na sita, ni mlinzi wa chumba na fundi wa nguo, yote kwa rubeli elfu ishirini na tano kwa mwezi. Alipoajiriwa, enzi za Usovieti, aliambiwa Pakhom ni mnyonyaji.

"Nikamshindilia pamba mpaka vifungo vikalia," anasema.

Usovieti ukaanguka, Pakhom akawa mfadhili mcha Mungu, mtu wa kufunga, akakondeshwa. Akaja mkurugenzi aliyemtaka awe mtu wa neema na shibe, akanona upya. Wiki iliyopita mkurugenzi wa sasa, Vsevolod Tikhonovich, alitangaza kwamba Pakhom ni mzalendo: kifua mbele, tumbo ndani. Leo wakubwa wa mkoa wanakuja kumwona.

Tumbo halimsumbui Kapitolina. Anayemnyima usingizi ni binti yake Agniya, mwanahistoria wa makumbusho hayohayo. Mkataba wake unaisha mwezi huu, wageni hao ndio waamuzi, na yeye ndiye wa kuwaeleza Pakhom alikuwa nani. Wazazi wenye watoto wanaosomea historia wasikie.

Agniya anaingia na kumkuta mama yake akilipiga koti pasi ya mvuke, akifuta alama za mishono ya zamani.

"Mama! Weka chini hiyo pasi! Hizo alama ndizo nataka kuwaonyesha."

"Uwaonyeshe nini? Kwamba tunambadilisha kila saa kama mtoto mchanga?"

"Ndiyo."

"Nilikwambia usomee meno, wewe! Jino la mbele linabaki la mbele, aje mkubwa yeyote. Leo sema mzalendo, uchukue mkataba wako, twende tukanywe chai."

"Alijenga shule, Mama. Na vibarua wake aliwalipa sukari badala ya fedha. Yote mawili ni kweli."

"Basi sema la shule. La sukari utalisema mimi nimeshazikwa."

Saa nne wageni wanaingia, wakiongozwa na Stepanida Lvovna, mama mpana asiye na haraka. Mkurugenzi anakohoa, anaweka tai sawa.

"Huyu ni Pakhom Rukavitsyn, mzalendo aliyejinyima kwa ajili ya..."

Hapo suruali ya Pakhom, iliyoshonwa kwa tumbo la jana, inateremka yote hadi kwenye viatu.

"Amekonda lini huyu?" anauliza Stepanida.

"Asubuhi hii, mama," Kapitolina anaropoka, mkurugenzi akiwa amechelewa kumkanyaga mguu.

Agniya hangoji. Analifungua koti. "Mshono huu, alipokuwa mnyonyaji. Huu, mfadhili. Huu, mtu wa neema. Huu wa chaki ni wa leo. Umbo lake mwenyewe hatulijui. Tunachojua ni kila zama zilimtaka aweje."

Kapitolina anafumba macho. Anachosikia ni kicheko kinene.

"Huu wa mfadhili ni wangu!" Stepanida anasema, kidole juu ya mshono. "Nilikuwa afisa utamaduni hapa. Mimi ndiye niliyeagiza akondeshwe! Liacheni koti wazi hivyohivyo. Ila mvalisheni suruali, watoto wa shule wanakuja."

"Ndilo lilikuwa wazo langu tangu mwanzo," anasema mkurugenzi.

Agniya ameongezewa mwaka mmoja. Jioni, mezani nyumbani, anatabasamu peke yake. Anaandika kitabu kuhusu mji huo, na kitamchukua miaka mitatu.

"Mwaka mmoja," mama yake anarudia, akimkatia kipande kingine cha pai ya kabichi. "Mimi sina maombi makubwa. Naomba tu siku utakayomaliza kitabu chako, wakubwa wawe walewale ulioanza nao."