Hema la Fungate

Mimi ni fundi wa kuziba pancha pale Nangurukuru, kwenye njia panda ya Kilwa Masoko. Gari likija tairi limekaa chini, nipo. Likiondoka, nabaki. Huko kubaki ndiko kunakonisumbua. Tangu nilipoachia shule kidato cha pili sijawahi kumaliza kikombe cha chai bila kusimama mara mbili kuangalia nani anapita na anakwenda wapi. Mama yangu husema mimi hata usingizini miguu inatembea.

Siku moja likasimama gari lenye nyumba mgongoni. Nyumba hasa: dirisha lina pazia, mlango una ngazi ndogo ya kushukia. Wakatoka wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, nywele nyeupe tupu. Nikafungua tairi la nyuma, nikaanza kutafuta msumari uliolichoma. Huku nyuma yangu wao wametandaza ramani kwenye boneti, wanabishana. Lugha yao siijui, ila ubishi wa mtu na mkewe hauhitaji mkalimani. Bibi anaweka kidole hapa, babu anakiondoa, anaweka chake pale. Mwisho bibi akanigeukia na Kiswahili chake cha kuokoteza: "Kijana, sisi nataka lala karibu maji. Wapi nzuri?"

Nilibaki na tairi mkononi. Mtu mzima mimi, nimezaliwa mkoa huu, bahari iko pale, maziwa yako kule, na sijawahi hata siku moja kujiuliza wapi ni pazuri kulala. Sisi tunalala tulipowekwa. Utotoni unalala ubavuni mwa bibi yako, ukikua unalala na kaka zako, mahindi yakikomaa unalala juu ya dungu shambani kufukuza nguruwe. Hata ukifa, mahali unachaguliwa. Nikamjibu, "Pale kituo cha mafuta kuna mlinzi, bibi. Pana usalama." Akacheka, akanishukuru, wakaondoka kuelekea kusini. Sidhani kama walilala kituo cha mafuta.

Basi, nikaharibika. Kila gari nililoliziba pancha nilikuwa nalilaza kichwani mwangu: hili chini ya mikoko, lile juu ya kilima, lile kando ya maji matamu. Na kama vile shetani anasikia, wiki ileile muuza mitumba akafungua robota, kati ya makoti na mapazia likatoka hema la kijani. Kijiti chake kimoja kimevunjika. Nikakifunga kwa kipande cha tyubu, kazi ninayoijua, nikalisimamisha nyuma ya banda langu. Mbuzi wawili wakaingia kabla yangu. Hata wao walipapenda.

Wakati huo posa yangu ilikuwa imeshapokelewa kijijini Nyangamara. Mchumba wangu ni binti wa wakulima wa ufuta na korosho, na ndoa ilikuwa ifungwe ufuta ukishavunwa. Fungate, zile siku saba za mwanzo za maharusi, tulipangiwa chumba kwa kaka yangu. Mimi nikaota kingine: siku tatu kati ya hizo saba tukalale hemani, kando ya ziwa la Rutamba, mahali nitakapopachagua kwa macho yangu mwenyewe. Nikalikunja hema, nikapanda nalo basi nikaenda kuwaeleza wakwe.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Kwa hiyo mama mkwe alikaa nyuma ya mlango, mimi kwenye mkeka barazani, na kizingitini akakaa somo wa mchumba wangu, yaani yule mama aliyemfunda tangu alipovunja ungo. Maneno yote yalitakiwa yapite kwake.

"Mwambie huyo mkwe," ikasema sauti ya nyuma ya mlango, "mwanangu si mkimbizi."

Somo akanigeukia, uso mkavu. "Mama anasema mwanawe si mkimbizi."

"Mwambie mama si ukimbizi, ni matembezi. Siku tatu tu."

"Anasema si uki..."

"Nimemsikia, sina uziwi. Muulize nyumba ya kaka yake ya bati ina kasoro gani."

"Haina kasoro, mama," nikasema.

"Asinijibu mimi! Mwambie asinijibu mimi!"

Somo akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga, mabega yakamtikisika. Nami nikacheka kidogo, nikidhani mambo yamelainika. Ndipo sauti ikashuka.

"Kijana ana adabu, sikatai. Ana kazi ya mikono. Lakini tangu aketi hapo kasimama mara nne. Kaenda kuangalia kisima, kaenda kuangalia pikipiki ya watu, kaenda kuangalia sijui nini. Baba yake huyu binti alikuwa hivihivi. Leo Mtwara, kesho Songea, keshokutwa salamu kwa dereva wa basi. Watoto watano nimewalea kwa salamu za dereva. Huyu wangu wa mwisho namtakia mtu anayetulia."

Hilo somo hakulirudia. Alisema tu, "Umesikia mwenyewe, baba."

Nilisikia. Na kilichonichoma ni kwamba wakati anasema hayo, miguu yangu ilikuwa imeshajikunja tayari kusimama. Niliikalia.

Mashauri yao ya ndani yalichukua muda, kisha nikapewa hukumu. Nikatafute mahali. Somo atakwenda kupakagua. Pakifaa, hema ruhusa. Pasipofaa, hema sahau, na ndoa yenyewe itasogezwa mbele mpaka mkwe ajue kukaa kitako.

Kesho yake nikaenda ziwani peke yangu, hema mgongoni mwa bodaboda. Nilitaka nitangulie, somo akija akute kila kitu kimenyooka. Nikatembea ukingoni tangu asubuhi. Hapa pana miiba. Hapa tope. Hapa kivuli kipo ila siafu wanahama na mayai yao. Nilikuwa nafika mahali, nasema ndipo, halafu naona mbele kidogo kama panapendeza zaidi, nakwenda. Kufika kule, nageuka nyuma: kumbe kule nilikotoka. Nikazunguka hivyo mpaka adhuhuri.

Halafu nikapaona. Mchanga mweupe, safi, hakuna hata jani moja. Matete yamekatwa yakaacha njia kama mlango wa kuingilia majini. Pembeni kuna gogo laini limelala, mahali pa kukalia kabisa. Vichaka vimezunguka kama ukuta. Nikasema huyu ni Mungu, kanitandikia. Nikalisimamisha hema, nikatundika shati kwenye gogo, nikajilaza miguu nje kichwa ndani, nikawa namwonyesha mke wangu asiyekuwepo: jua litatokea pale, chai tutachemshia pale.

Jua limeanza kupinda, nikasikia mtu anakohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, kile cha kukuambia tupo. Halafu, "Hodi huko!"

"Karibuni!" nikajibu kwa furaha, mwenye nyumba.

Kicheko kikapasuka nyuma ya vichaka kama gunia la ufuta.

"Eti karibuni! Jamani, tumekaribishwa!"

"Muulizeni kama na sabuni anatoa."

"Kaka, hilo gogo ulilolivisha shati, mama yangu hukalia akisugua visigino."

Nikatoa kichwa. Wanawake kama saba, ndoo na mabeseni kichwani, khanga kifuani, wamegeukia pembeni kwa heshima huku wanakufa kwa kucheka. Kila ziwa kwetu lina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na hakuna kibao. Mtoto wa kiume anaambiwa mara moja akiwa mdogo, hakosei tena maishani. Lakini mimi pale nilikuwa mgeni, na macho yangu yalikuwa yanatafuta uzuri, hayakutafuta wenyewe. Palikuwa pazuri kwa sababu kuna mikono inapafagia kila siku. Nilikuwa nimemchagulia mke wangu bafu la wake za watu.

Ningekimbia kimya ningepona. Lakini mdomo wangu nao hautulii. Huku nang'oa vigingi nikaanza kujitetea: jamani dada zangu, shikamooni mama zangu, naombeni radhi, ni fungate, natafuta mahali pa mke wangu.

"Mke wa wapi huyo, bwana harusi?"

"Nyangamara."

"Nyangamara kwa nani?"

Nikataja. Nikaona mmoja wao anamfinya mwenzake. Nikaondoka na hema limefunguka kichwani kama mwamvuli uliopinduliwa na upepo, nyuma yangu wanaimba wimbo walioutunga palepale, wa bwana harusi aliyepotea chumba.

Habari ilifika Nyangamara kabla ya pikipiki yangu. Barazani nilimkuta somo peke yake. Nyuma ya mlango nilijua mtu yupo, nilimsikia akihema, lakini hakusema neno. Mara mia angenitukana.

"Anasema nini?" nikamnong'oneza somo.

"Hasemi. Ndiyo ubaya." Akanitazama sana. "Na mwenyewe ulimuuliza?"

"Nani?"

"Atakayelala humo."

Sikuwa nimemuuliza. Na ningemuulizaje? Mwezi mzima kawekwa ndani, haonekani, simu kanyang'anywa. Lakini ukweli ni kwamba hata alipokuwa na simu tuliongea kila siku na sikumuuliza. Nilimwambia tu, kama wote walivyowahi kumwambia: utalala hapa. Mimi niliyejidai nimechoka kuwekwa.

"Kamuulize, mama," nikasema. "Akikataa, hema nitawarudishia mbuzi."

Akaingia. Alipotoka alikuwa anajizuia kucheka. "Anasema hema analitaka. Mahali, anasema, ataona mwenyewe akifika. Ila upande wa kuogea wanawake, hapana."

Nyuma ya mlango mtu akaguna. Guno tu, lakini nililishika kama kamba.

Asubuhi tukaenda ziwani mimi na somo, na boksi la sabuni za kuogea. Somo ndiye aliyesema sabuni. Kukosea bafuni, alisema, huombi radhi kwa sukari. Wanawake walikuwa wanaloweka muhogo. Nikapiga magoti mbali, nikaangalia chini, nikasema niliyotakiwa kusema. Mkubwa wao akapokea boksi, akanusa, akasema, "Basi, umesamehewa. Ila ukija tena ukohoe wewe."

Nikaona wamechangamka, nikapata ujasiri, nikawaonyesha kipande kimoja cha majani mafupi mabichi kinachoshuka majini, kimenyooka kama kimekatwa kwa mkasi. Je, pale?

Waliwekeana mikono mabegani kwa kucheka.

"Unajua nani kinyozi wa pale? Kiboko!"

"Huyu mkwe ana macho, hana akili."

"Mwacheni, anatafuta tu, maskini."

Hao hao ndio waliotupeleka. Juu kidogo, mbali na njia ya viboko, kwenye ukingo wa shamba la muhogo la yule mkubwa wao, palikuwa na uwanja mdogo mkavu. Ziwa linaonekana kwa pembeni, kama mtu anayekupita bila kukusalimia. Mimi moyoni nilipaona pa kawaida. Somo alitandika khanga yake chini, akajilaza chali, akafumba macho. Tukasimama tunamngoja, mimi nahamia mguu huu nahamia ule, mpaka nikadhani kalala kweli. Kisha akainuka, akakung'uta majani.

"Panalalika," akasema, akampigia simu mama mkwe palepale.

Ndoa ikafungwa. Ya ndoa nisiyaandike, pilau ni pilau. Siku ya nne ya fungate tukafika ziwani na mke wangu, jua limeshazama, hakuona kitu. Somo alifikia kwa yule mama mwenye shamba, maana kazi yake ilikuwa haijaisha: asubuhi atuletee uji na maji ya moto.

Nilipoamka nilikuwa peke yangu ndani ya hema, na hema linanilalia usoni. Upande mmoja ulikuwa umeshaanguka. Nikatambaa nje. Mke wangu kachuchumaa, khanga kaifunga kiunoni, anang'oa vigingi.

Nikajua ndiyo yale ya mama yake. "Tunarudi kwenu?"

"Kwetu kufanya nini?" Hakuinua hata macho. "Nimetembea mpaka kule kwenye kichuguu. Kule ziwa linaonekana lote, mpaka ng'ambo watu wanavyowasha moto. Hapa tunaliona ubavu. Nimengoja uamke, nimechoka kungoja."

"Lakini somo alisema hapa panalalika."

"Tumeshalala. Mwezi mzima nimetazama ukuta, baba. Shika huko."

Nikashika huko. Hatukulikunja, tuliliinua lilivyo tukaingia chini yake, kila mtu na upande wake, tukaanza kupanda, yeye mbele, mimi nyuma najikwaa kwenye matuta ya muhogo. "Na pale tusipopapenda?" nikamuuliza. "Kuna pengine nimepaona," akajibu.

Somo akatokea njiani na kikapu cha uji kichwani. Kabla hajasema lolote simu yake ikaita. Aliiweka spika, mkono mmoja umekishika kikapu.

"Vipi huko? Wametulia?" Sauti ya mama mkwe, bila mlango.

Somo akatutazama, hema la kijani lenye miguu minne, linayumba katikati ya shamba.

"Wametulia, dada. Wametulia kabisa."

"Alhamdulillahi. Na mkwe?"

"Huyo hata kichwa hakionekani nje."

Akakata simu, akakitua kikapu kwenye tuta, akakaza khanga yake kiunoni.

"Haya," akasema, "na mimi nishike wapi?"