Mchuzi wa Mvumo wa Mama Riam

Ukifika Phetchaburi na njaa yako, usihangaike na maduka ya barabarani. Mimi nimezunguka mji huu na jiwe langu la kunolea visu zaidi ya miaka thelathini, nimeingia kwa milango ya nyuma, na ninachojua ni kwamba chakula chenyewe hakitundikiwi kibao. Kipo majikoni mwa watu. Na katika majiko yote, lile la nyumba ya Bi Mkubwa Prayong kando ya mto silisahau, maana ndimo alimopika mwanamke mmoja, Chaluai.

Mwezi wa joto kali alipika wali wa maji ya yasmini. Punje ziliogeshwa mpaka zikang'aa, zikazamishwa katika maji yaliyolala na maua usiku kucha, na pembeni kuna vidonge vya uduvi vya kukaanga na figili iliyopikwa kwa sukari ya mvumo, ule mti mrefu mfano wa mnazi. Ukila, joto linakutoka masikioni. Alioka pia mkate wa mayai, choroko na tui, juu yake vitunguu vya kukaanga, kitu ambacho usipoambiwa huwezi kuamini kuwa ni kitamu. Lakini ukibahatika kula chakula kimoja tu kabla hujafa, kiwe mchuzi wa mvumo. Unachukua kichwa cha tunda changa la mvumo, kile kilicho laini, unakikata vipande vyembamba kama kucha, unakichemsha na chumvi mpaka uchungu utoke, halafu unakipika kwa tui na viungo vilivyopondwa kwenye kinu cha mawe, ukimalizia na samaki wa kuchoma. Wengi wanaupika. Wa Chaluai ulikuwa mwingine, na huo hakufundishwa katika nyumba ile. Alikuja nao.

Aliletwa pale ana miaka kumi na mmoja. Mama yake, Riam, alikuwa mke wa mgema wa huko Ban Lat, na mumewe alipoanguka kutoka juu ya mvumo akafa, hakuweza kulisha watoto wote. Akamkabidhi huyu, akampa na mchi wake wa mti, akaenda zake.

Bi Mkubwa Prayong hakuwahi kushika mchi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuonja. Alifumba macho, kijiko kinywani, na pilipili ikiwa haikulainika sawasawa alimwambia Luai, ndivyo alivyomwita, anyooshe mkono, akampiga vifundoni kwa ukingo wa upawa. Hakumpiga kwa hasira. Alimpiga kama mtu anayegonga yai. Vifundo vya Chaluai vilivimba ujanani, havikurudi tena. Siku moja nilimpa pole, akacheka. Akaniambia hivyo ndivyo vyeti vyake, wengine wanavyo vya karatasi. Kusoma hakujua hata herufi.

Riam alipofariki, habari ilifika asubuhi, na nyumbani kulikuwa na wageni wa kutoka Bangkok. Chaluai aliomba ruhusa amepiga magoti sakafuni. Bi Mkubwa alimjibu, "Maiti haina haraka, Luai. Wageni wana treni." Basi akapika, na alichopika ni mchuzi wa mama yake, kwa kuwa siku ile mikono yake haikukumbuka kingine. Wageni walikwangua sufuria. Wakauliza ni wa nani mchuzi huu, na Bi Mkubwa akasema ni wangu, naupika tangu usichana. Chaluai alikuwa amesimama pale na bakuli la wali. Alipofika Ban Lat siku ya tatu, alikuta mama yake ameshachomwa moto kama ilivyo desturi, amebaki chungu kidogo cha mifupa.

Miaka ikaenda. Bi Mkubwa akaugua, asiinuke tena kitandani. Huku kwetu tajiri akichomwa, wageni hawaondoki mikono mitupu, hupewa kitabu cha marehemu, na mtu aliyesifika kwa meza yake hutiwa humo mapishi yake, ili jina lake liendelee kuliwa. Bintiye, Orasa, alikuja kutoka Bangkok na kalamu kabla mama hajakata roho. Miezi miwili alikaa kwenye kigoda cha jikoni. Chaluai alisema, Orasa akaandika. Vyakula arubaini.

Walipofika kwenye mchuzi wa mvumo, Chaluai aliomba kitu kimoja, na hakuwahi kuomba kingine katika nyumba ile. Jina lake mwenyewe hakulitaka. Alitaka pale chini paandikwe kwamba huu ni wa Riam wa Ban Lat. Orasa hakuthubutu, akampeleka kwa mama yake kitandani. Bi Mkubwa alisikiliza huku Chaluai akimkanda miguu. "Tukianza kuandika wapishi," akasema, "kesho mwiko nao utadai jina."

Lakini Orasa alimfuata jikoni, akamshika mkono. "Usijali, shangazi. Nitaandika. Mama hatakisoma."

Chaluai alinisimulia haya siku ileile, uso umemng'aa. Akaninyima kunoa hata kisu kimoja, akasema leo kisu butu kinatosha, moyo wake ni mkali.

Siku ya kuchomwa maiti ya Bi Mkubwa aliwapikia waombolezaji mia tatu, na kitabu akapewa mwishoni kabisa, baada ya madereva. Kesho yake alinijia kando ya mto nilikokuwa nikinoa. Alikuwa amekifunga katika jani la mgomba kama samaki. "Wewe ulisoma kidogo, kaka. Nisomee."

Nikafungua. Herufi nilizijua, bahati mbaya. Paliandikwa hivi: Mchuzi huu ni ubunifu wa marehemu mama yangu. Alimfundisha mpishi wetu kwa miaka mingi, na ingawa mpishi hakuwa mwepesi wa kushika, mama hakumchoka.

Nilitafuta jina la Riam mpaka chini ya ukurasa, na nyuma yake, na ukurasa uliofuata. Chaluai alikuwa anaangalia midomo yangu. Sijui kama wewe ungeweza. Mimi sikuweza. Nikasema, "Mchuzi wa mvumo, wa Mama Riam wa Ban Lat."

Akanitaka nirudie. Nikarudia. Akataka nimwonyeshe lilipo, nikakichukua kidole chake chenye kifundo kile nikakiweka mahali, popote. Akakiacha pale muda mrefu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe nilikuwa nimewasha moto chini ya sufuria ya mtu mwingine.

Mwaka mpya ulipoingia, siku zile za kumwagiana maji ambapo watu hupeleka vyungu vya mifupa ya wazee wao hekaluni na kuvinyunyizia maji ya manukato, aliniambia lazima twende pamoja kwao. Kapika mchuzi, na mimi nitasoma ule ukurasa mbele ya mama yake, ndugu wote wakisikia. Njia nzima tulikaa nyuma ya gari, sufuria mapajani mwake, kitabu juu ya sufuria. Mara kumi nilifungua mdomo. Nilimwambia joto kali. Nilimwambia mivumo mwaka huu imezaa sana. La maana sikulisema.

Ukumbini mwa hekalu ndugu walikuwa wameketi kwenye mikeka, watawa wamemaliza dua. Chaluai akaweka bakuli mbele ya chungu cha mama yake, akasema Bi Orasa kamtia mama kitabuni, mchuzi wake unasomwa Bangkok. Bunruam, binamu yake, ambaye hakupata kumpenda, akauliza nani atasoma. Nikanyanyuka na kitabu, nimeshaamua kurudia uongo wangu mbele ya mifupa. Bunruam akanipokonya. "Huyu wa visu atasoma nini? Mpe mwalimu."

Mwalimu Sanguan ni mtu mzuri, na alisoma vizuri, kwa sauti, kama anavyowasomea watoto. Alishafika kwenye "hakuwa mwepesi wa kushika" ndipo akaelewa nini kinatoka kinywani mwake, akakifunga kitabu. Haikusaidia. Bunruam alianza, kisha wengine, si kicheko kikubwa, kile cha kuziba mdomo kwa kiganja.

"Miaka hamsini jikoni," Bunruam akasema, "na bado hujashika. Tupe basi huo mchuzi wa Bi Mkubwa tuuonje."

Na waliuonja. Wakala mpaka wakamaliza, wakasifu, wakamsifu Bi Mkubwa. Chaluai aliwapakulia mmoja mmoja. Mimi hakuniangalia.

Alirudi nyumba ileile, sasa ya Orasa. Angekwenda wapi? Mwezi uliofuata nilipita na jiwe langu, nimejiandalia maneno ya kuomba radhi. Sikupata pa kuyaweka. Alikuwa ameshanipakulia, sahani imefunikwa kwa jani, na juu ya jani kitabu.

"Soma," akasema.

Nikaanza, "Mchuzi wa mvumo, wa Mama Ria..."

"Kilivyoandikwa, kaka."

Nikasoma kilivyoandikwa. Yeye akiponda, mchi haukusita. Nilipomaliza akafunua sahani, na ulikuwa mchuzi ule, uchungu umetolewa wote, tui zito, samaki anayeyeyuka, haujawahi kuwa mtamu hivyo. Nikala machozi yakinitoka. Alinitazama mpaka punje ya mwisho.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Kila nikifika, kabla ya sahani, kitabu. Mwanzoni nilisoma mwenyewe mpaka mwisho. Siku hizi nikikaribia neno la mpishi ninaacha, maana yeye ameshatangulia, anayasema maneno yenyewe polepole kwa ghibu, nukta kwa nukta, huku akinipakulia. Kisha ananiuliza kama chumvi imekolea.