Kivuli cha Gari Juu ya Karafuu

Juzi nimerudi kwetu Mgogoni, Pemba, na mtoto mchanga mkononi, nikakuta kuku wa ami wanataga ndani ya gari ya baba. Usukani umeota kutu, kiti cha abiria kimetandikwa majani makavu ya mgomba, na tetea mmoja amekaa juu yake ananitazama kama mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi. Sikumkasirikia kuku. Hasira zangu zina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa barazani anakunywa kahawa na wageni waliokuja kunipa hongera ya mtoto.

Kabla sijakwambia alichowaambia wageni wale, ngoja nikuoneshe gari hiyo ilivyokuwa. Leo ukiiona utasema ni bati.

Ilikuwa nyekundu, ya Kijapani, ya mashindano, milango miwili, imeinama mbele kama mtu anayesujudu. Aliileta mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni, ikamshinda. Kila fundi aliyeifungua aliifunga upesi na kusema si kazi yake. Baba alikuwa fundi wa pikipiki na mashine za boti. Akaiomba, akapewa, na mwenyewe akashukuru kama aliyetuliwa mzigo. Jirani walicheka mpaka wakachoka.

"Nyumba ya watu saba, gari ya watu wawili," walimwambia. "Waliobaki utawafunga juu kama magunia?"

"Waliobaki ni nyinyi," baba akajibu. "Mtakuwa mnasukuma."

Na kweli walisukuma. Ukitaka kuisogeza uwanjani kwetu, uliita wanaume wanne wakaiegemeza mabega. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Injini yake haikuwa na pistoni. Magari unayoyajua wewe yana pistoni, zinapanda na kushuka kama mchi kwenye kinu. Hii ilikuwa na vitu viwili vya pembe tatu vinavyozunguka. Baba alinieleza mwezi wa Ramadhani, wakati wa kufuturu: alichukua sambusa, akaizungusha ndani ya bakuli, ncha zake tatu zikikwaruza ukuta wa bakuli. "Uhai wake uko kwenye ncha," akaniambia. "Ncha zikilika, hakuna injini." Kisha akaila, ncha kwanza. Mama akasema bora sambusa, angalau tunajua inaingia wapi.

Gari nyingine ikila oili ni maradhi, hii ilikuwa ndiyo chakula chake, ili zile ncha zisilike. Kila Ijumaa asubuhi, nikishafagia uwanja, kazi yangu ilikuwa kuchomoa kijiti cha oili, kukifuta, kukirudisha, kukichomoa tena na kumwambia baba imefika wapi. Hata ndani ya petroli alikuwa akichanganya oili kidogo, ileile wanayotumia wavuvi wa kisiwa cha Fundo kwenye mashine zao, na aliyekuwa akipima kwa kopo la maziwa ni mimi. Nilikwenda skuli mikono inanuka. Mwalimu aliwahi kuniuliza kama kwetu tunauza mafuta ya magendo.

Haikuwa ikinguruma. Ilikuwa ikivuma, mlio mmoja uliokaza, kama cherehani inaposhona mstari mrefu. Mama alikuwa mshoni, na baba akiwasha gari asubuhi naye alikanyaga cherehani yake. "Haya, zote mbili zinashona," alikuwa akisema. "Tuone ipi itakayoleta unga."

Lilikuwapo sharti moja lililokuwa kubwa kuliko yote. Gari hii usiiwashe ikiwa baridi kisha ukaizima papo hapo. Ikiwa baridi hujimwagia petroli nyingi ndani ili ishike. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli ile inabaki, inalowesha plagi, inaosha oili kwenye ncha, na ukija kuiwasha tena inapaliwa. Inazunguka tu, haishiki. Kwa hiyo hata kama unaisogeza kidogo tu, uiache ivume mpaka sindano ya joto ifike katikati. "Usiiamshe kama huna pa kwenda," ndio uliokuwa msemo wa baba. Nilikuwa na miaka kumi, na hayo nilikuwa nayajua kama ninavyoijua Alhamdu. Ndiyo maana funguo aliniachia mimi, kwa uzi, shingoni.

Sasa njoo kwenye msimu wa karafuu. Kama hukukulia Pemba sijui nikwambieje. Unakula muhogo wa nazi, unasikia karafuu. Unanusa nguo uliyoifua jana, karafuu. Vidole vya sisi watoto vilikuwa vyeusi kwa kuchambua, na uwanja mzima ulifunikwa majamvi. Mkuu wa majamvi alikuwa ami, kaka mkubwa wa baba, na karafuu zikiwa juani hata jogoo alijua pa kupita. Karafuu isiyopata jua siku ya kwanza inapauka na kuvunda, mnunuzi anaisukuma pembeni. Kwa hiyo kivuli kilikuwa adui. Kivuli cha mtu, cha kanga iliyoanikwa, cha chochote.

Siku ninayokwambia, mama alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mkunga wetu wa jirani yuko naye chumbani. Baba alikuwa shambani na wachumaji, karibu tu, asubiri kuitwa. Jua likapanda, na kivuli cha gari kikalala juu ya jamvi. Wanaume wa kusukuma wote wako juu ya mikarafuu. Ami akaninyooshea mkono.

"Lete funguo."

"Baba kasema isiwashwe, ami."

"Nawe ndiye fundi? Lete."

Bibi akasema kutoka jikoni, "Mpe ami yako. Usibishane na nkubwa."

Nikampa. Akaiwasha, akaitoa pale, akaipeleka upande wa mfenesi, akaizima.

"Ami, iache ivume."

"Wee mwana, petroli unanunua wewe?"

Akanirushia funguo na kurudi kwenye majamvi yake, roho imetulia, karafuu zimepata jua.

Kabla ya adhuhuri mtoto akazaliwa, mdogo wangu wa kike, vigelegele vikapigwa. Vilikatika ghafla. Mkunga alitoka ameshika kanga iliyolowa, akamwambia bibi kwa sauti ya chini: damu haisimami, hii si ya hapa, apelekwe hospitali sasa hivi. Pikapu mbili za kijijini zilikwenda kuuza karafuu. Imebaki gari ya baba. Nilikimbia shambani kumwita, na sijawahi kukimbia vile tena.

Baba akatia funguo. Ikazunguka, haikushika. Akajaribu mara ya pili na ya tatu. Akashuka, akatazama pale gari iliposimama.

"Mliisukuma?" akauliza.

"Tumeisogeza," ami akasema.

Lisikie vizuri jibu hilo. Hakusema uongo. Baba akaamini kuwa gari imesukumwa kwa mabega kama siku zote, na kwamba tangu jana, alipoizima yeye mwenyewe ikiwa ya moto, hakuna aliyeiwasha. Basi kwenye hesabu zake kupaliwa hakumo. Angesikia harufu ya petroli, lakini katika uwanja ule pua ilikuwa na nafasi ya karafuu tu.

Akaanza pale anapoanzia fundi yeyote. Akafungua vichwa vya betri, akavikwangua kwa kisu, akavirudisha. Ikazunguka, haikushika. Akafungua mpira wa petroli, akaupuliza kwa mdomo, akatema, akaurudisha. Haikushika. Akafuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Mikono yake ilikuwa imara, na kila alichofanya kilikuwa sahihi kwa gari ambayo haikuguswa. Mama alikuwa chumbani, dirisha liko wazi, akauliza, "Imeshawaka?" Mkunga akamjibu kuwa inakaribia.

Mimi nimesimama, uzi mtupu wa funguo shingoni, najua. Nilimtazama bibi. Bibi akatikisa kichwa. Kwetu mtoto hamsemei mkubwa mbele ya watu. Hata aone nini, asubiri mkubwa aseme mwenyewe. Ami hakusema. Alikuwa ameinama kwenye majamvi anageuza karafuu kwa kiganja, taratibu, kama mtu asiye na haraka duniani. Nikamsubiri. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nilimsubiri ami yangu awe muungwana, na huku mama yangu anaisha.

Mama akauliza tena, "Bado?"

Nikasema, "Baba, iliwashwa."

Ami alinifikia kabla sijamaliza, kofi likanipeleka mpaka chini. Baba hakugeuka kunitazama. Aliuliza tu, "Ikazimwa?"

"Papo hapo."

Akauachia waya aliokuwa ameushika, akachukua spana ya plagi. "Lete jiko lenye makaa, liweke mbali na gari." Sasa alikuwa na haraka. Akachomoa fyuzi ya pampu ili isimwage petroli nyingine, akafungua plagi zote nne zilizo ubavuni chini, zinachuruzika. Akazungusha injini bila plagi, petroli ikaruka nje kama maji ya mfereji uliopasuka. Akatia oili kidogo kwenye kila tundu, kwa kijiko cha bibi, ili ncha zikamate tena. Mimi nilikuwa nachoma plagi kwenye makaa, nazigeuza kwa koleo kama samaki. Akazirudisha zikiwa za moto, zinamuunguza. Lakini betri alikuwa ameshaimaliza kwa kuwasha bure. Ikabidi wanaume waliokuwa wakitoka msikitini waje wasukume. Ikashika kwenye mteremko, moshi mweupe ukafunika uwanja, majamvi na ami.

Mama akalazwa kwenye kiti cha mbele. Mkunga akajaribu kupita nyuma, hakuenea. Viti vya nyuma vya gari ile vilikuwa vya kuwekea mkoba. Aliyeenea ni mimi. Nikakishika kichwa cha mama kwa mikono miwili, baba akaiachia gari, na barabara ile yenye mashimo ikawa inatupigapiga tumboni. Mama alikuwa amefumba macho, anasikiliza. "Sasa inashona," akasema. Baada ya hapo kichwa chake kikawa kizito mikononi mwangu, nami sikumwambia baba kwa sababu alikuwa anaendesha.

Pale hospitali daktari alimshika mkono, akauweka chini polepole. Akamwambia baba, si kwa ubaya, "Mngewahi kidogo." Baba akasema, "Ndiyo."

Hitima haijasomwa, maneno yalikuwa yamezunguka kijiji kizima: fundi kamuua mkewe kwa gari yake ya mazingaombwe. Wa kwanza kuyasema alikuwa ami, na waliosukuma siku ile wakaitikia. Baba hakujibu. Ndugu mkubwa hajibiwi. Alifunga zana zake kwenye gunia, akahamia Tanga, akafanya kazi ya kuhesabu mizigo ghalani. Hakufungua boneti ya gari tena. Amefariki mwaka juzi, na nilipomwona amelala, mikono yake ilikuwa misafi kama ya karani. Hicho ndicho kilichonitoa machozi.

Basi juzi, barazani, mgeni mmoja akaitazama gari na kuuliza habari zake. Ami akapuliza kahawa yake, akasema, "Hiyo ndiyo iliyommaliza mama yake huyu mzazi wetu mpya. Ndugu yangu, Mungu amrehemu, alipenda mchezo. Nilimwambia aiache."

Nilikuwa mlangoni namnyonyesha mtoto. Nikatoka vilevile.

"Ami, waambie nani aliiwasha asubuhi ile."

"Mwanangu, yale yalikuwa kadari."

"Kadari naiamini. Nakuuliza funguo nilimpa nani."

Mke wa ami akasema, "Yaishe, mwanangu, unanyonyesha, utamwachia mtoto hasira kwenye maziwa."

"Hata mimi niliachiwa," nikamwambia. "Ami, waambie."

Wageni wakaitazama mikeka. Ami akazungusha kikombe chake mara mbili.

"Niliitoa hatua kumi tu," akasema. "Kivuli kile kilikuwa kinaharibu karafuu. Na karafuu zilikuwa za sote, hata mama yako akila humo."

"Na baba alipouliza?"

Ami akaokota kisheti, akakirudisha sahanini. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa miongoni mwa waliosukuma, akaweka kikombe chini. "Kumbe," akasema. Akakaa, akafikiri. "Kwa hiyo fundi alikuwa fundi."

Ni hilo tu. Miaka kumi na saba, na jina la baba likasafishwa kwa maneno matano, mbele ya watu sita na sahani ya visheti. Ami alimwaga kahawa yake mchangani, akainuka kwenda kusali. Hakuniomba msamaha, nami sikumpa.

Uwanja siku hizi umemwagwa saruji. Cherehani ya mama iliuzwa zamani, sijui iko kwa nani. Bibi hayupo, mkunga hayupo. Mdogo wangu, aliyezaliwa siku ile, yuko kidato cha nne na anajua kila kitu cha simu. Jioni ile aliniuliza gari ilikuwa ikilia vipi. Nikamwigizia kwa mdomo, akacheka, akasema nafanana na nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Nikajaribu tena. Haukutoka. Mlio ule sasa uko kichwani mwangu peke yangu, na hakuna wa kuniambia kama naukumbuka sawa.

Mama alikuwa na miaka ishirini na saba. Nami ninayo hiyo mwaka huu. Mpaka hapa, kila nilichopitia yeye alikwishapita: kuolewa, mimba, uchungu, kukesha na mtoto. Mwakani, nikijaaliwa, nitakuwa mkubwa kuliko mama yangu, na huko mbele hakuna alipokanyaga.