Chokaa Juu ya Makaburi ya Buteba

Sikumwamini katibu wa chama tangu mkutano wa kwanza, na bado nilimfanyia kazi. Hilo naliandika mapema, nisije nikajificha nyuma ya wengine.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya Tororo. Chama tawala kilikuwa kimetangaza kwamba kitaketi na wapinzani kuzungumzia mageuzi ya ardhi: kila anayelima shamba la ukoo bila karatasi atapewa hati, na hakuna atakayehamishwa kabla ya pande zote kuafikiana. Mikutano ingefanyika katika ukumbi mmoja mjini. Wakulima walitoka Nabuyoga na Buteba, huyu anasema Kiteso, yule Kidhopadhola, mwingine Kisamia, na karatasi za serikali zote kwa Kiingereza. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili cha sokoni, ndipo nikaitwa kuwa mkalimani. Mama yangu, mjane anayelima muhogo Buteba, alichaguliwa na kijiji chetu kwenda kusikiliza. Alifurahi sana kuniona nimesimama pale mbele.

Katibu alikuwa na tabasamu la mwenye duka. Alitukaribisha kwa soda na mandazi, akamwita mwakilishi wa upinzani "ndugu yangu". Ndugu huyo, mtu mwembamba aliyekuja na faili tatu, alisoma malalamiko karibu saa nzima, nami nikatafsiri mpaka koo likakauka. Kalamu ya katibu ililala mezani na kifuniko chake. Aliishika mara moja tu, mzee mmoja aliposimama na kutaja vijiji vilivyokataa kumuuzia ardhi mwekezaji mmoja wa miwa. Hapo aliandika kila kimoja, hata akaomba kingine kirudiwe. Chetu kilikuwa cha tatu.

Nilijiambia kwamba kazi ya katibu ni kuandika. Danganya toto! Ukweli nilikuwa nimeshaujua, ila nilipenda kuitwa Mwalimu mbele ya watu wakubwa.

Katika mkutano wa pili katibu alisimama akiwa na habari njema.

"Wazee wangu, hati nakuja," alisema. "Lakini mupimaji iko na haraka, hawezi kuuliza kila mutu. Kila boma ipake chokaa kwa makaburi ya watu yake, yote, ionekane mbali. Kaburi ndiyo ushahidi yenu."

Hakuna neno ambalo lingetuingia kama hilo. Kwetu ardhi haina karatasi, ina wafu. Ukigombana na jirani juu ya mpaka, wazee hawakuulizi ulilima lini, wanakuuliza ni nani wako aliyezikwa pale. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mwakilishi wa upinzani naye alipiga, na simlaumu, maana hata yeye ana baba aliyezikwa shambani.

Jumamosi nilinunua mfuko wa chokaa mjini Busia, nikaupakia kwenye boda boda hadi nyumbani. Mama nami tulianza na kaburi la baba, tukaenda kwa babu na bibi, kisha kwa shangazi aliyerudishwa kutoka kwa mumewe. Majirani walikuwa kwenye kazi hiyo hiyo, wakitaniana ng'ambo ya ua.

"Jirani, wako wachache! Njoo nikuazime wangu!"

Tulicheka sana siku ile. Nikikumbuka kicheko changu naona aibu.

Nilipodhani tumemaliza, Mama alichukua brashi akanipeleka nyuma ya jiko. Palikuwa na udongo mtupu, tambarare, mahali ambapo tangu utotoni nilikatazwa kumwaga maji ya moto.

"Hapa kuna mtoto," alisema. "Alikutangulia wewe. Hakufika siku ya kupewa jina."

Mtoto wa namna hiyo kwetu huzikwa karibu na ukuta, bila tuta, bila matanga, na hatajwi tena. Mama alikuwa amemnyamazia maisha yangu yote. Nilimuuliza kama ana hakika anataka kumwonyesha kwa watu.

"Si walisema yote?"

Akapiga magoti, akachora mraba mdogo wa chokaa, kiasi cha ungo wa kupepetea mchele. Mikono yangu ndiyo iliyomshikia ndoo.

Wiki iliyofuata droni ilizunguka juu ya Buteba tangu asubuhi, na kuku wakajificha kana kwamba ni mwewe. Kisha wapimaji wakaja na rangi nyekundu, wakaandika namba juu ya kila kaburi jeupe. Mama aliwapa chai. Waliinywa bila kumtazama usoni. Nilimpigia simu mwakilishi wa upinzani, akaniambia hajaarifiwa lolote. Kwa jinsi alivyojua yeye, hakuna kilichokuwa kimekubaliwa. Niliogopa tangu dakika ile.

Mkutano wa tatu haukuwa na soda. Mlangoni walisimama askari wawili. Katibu alinipa karatasi zilizobanwa pamoja, nikapitisha macho kabla ya kufungua mdomo. Ilikuwa orodha ya makaburi yatakayofukuliwa na kuhamishwa ili shamba la miwa la yule mwekezaji lipate nafasi. Namba, kijiji, boma. Wapimaji hawakuwa wamepata taabu ya kutafuta chochote. Sisi wenyewe tuliwaonyesha.

Nilimnong'oneza mwakilishi wa upinzani. Aliruka kitini.

"Lakini tuko katikati ya mazungumzo!"

"Mazungumzo naendelea," katibu alijibu, wala hakukasirika. "Hii ni kazi tu. Soma, Mwalimu."

Ningeweza kukataa. Nilisoma. Nilimaliza Nabuyoga. Nilipofika Buteba niliinua macho. Mama alikuwa safu ya pili, amevaa gauni lake la kanisani. Aliinuka, akaniuliza kwa lugha yetu, taratibu, watu wote wakisikia:

"Na wa nyuma ya jiko, yumo?"

Nilimtafuta kwenye karatasi. Boma letu lilikuwa na namba tano; naye alikuwa amepewa yake, sawa na watu wazima.

"Yumo, Mama."

Alimtazama katibu, kisha akanitazama mimi. Nilingoja amlaani, au alie, au aniite mwanangu, kwa sababu huniita hivyo hata akiwa amenikasirikia. Aliketi, akakunja mikono mapajani.

"Basi endelea kusoma, Mwalimu," alisema.