Kifuniko cha Lenzi

Siku ya kwanza kazini, kwenye studio moja mjini Tarime, sikupiga picha hata moja. Mwenye Studio alinipa kitambaa nifute kamera zake tatu za Kijerumani, ndugu wa kampuni moja, na hakuniacha mpaka nilipoweza kuzitofautisha nimefumba macho. Kaka mkubwa, lenzi yake ilifungwa kwa kuzungusha kama mfuniko wa chupa. Wa pili, lenzi ilinasa kwa kugeuza mara moja tu, na filamu ilivutwa kwa kidole gumba. Mdogo aliongezewa kipima mwanga. Mimi nilimpenda wa pili. Shata yake, yaani kile kimlango kinachoruhusu mwanga, ilikuwa na sauti ndogo mno, hata mbuzi hageuki.

"Lakini ana ujanja," Mwenye Studio alinionya. "Dirisha unalochungulia halipiti kwenye lenzi. Papasa kifuniko kwanza."

Niliitika tu, kichwa kigumu mimi.

Siku chache baadaye nikatumwa kijijini Matongo na kamera hiyo. Mteja wetu, Bhoke, alitaka picha ya baba yake mgonjwa, ambaye hakuwahi kupigwa picha maishani, na kesho yake asubuhi angepelekwa hospitali ya mbali. Mzee alivaa koti, akakaa wima kwenye kigoda, amenuna. Dirishani niliona kila kitu, hata ndevu. Jioni nikasafisha filamu, ikatoka angavu, haina kitu. Nilikuwa nimepiga zote kifuniko kikiwa kwenye lenzi. Nililia, sioni aibu kusema.

Mwenye Studio hakufoka. Alinipa filamu mpya.

"Uwahi kabla gari halijaondoka. Ukamwombe radhi."

Alfajiri nikapanda baiskeli. Nilifika nimejaa tope, gari linaunguruma, mzee yumo ndani.

"Shikamoo mzee. Jana nilikosea. Naomba tena."

"Marahaba. Jana si ulinipiga mpaka nikachoka?"

"Nilisahau kufungua jicho la kamera."

Alicheka mpaka akakohoa. Bhoke akamfunga vifungo vya koti. Nikapapasa lenzi, nikapiga, mzee bado anacheka.

Hakurudi akiwa hai. Picha hiyo ndiyo pekee Bhoke aliyonayo, iko ukutani kwake mpaka leo. Huniambia ile ya kwanza ingekuwa ya mzee aliyenuna.

Nimestaafu, nalima Kemambo. Kampuni ile ya Kijerumani imeshatoa kamera zisizotumia filamu, na jina lake nimeliona hata nyuma ya simu ya mjukuu wangu. Wajukuu wakinipa simu hiyo niwapige, kidole changu hutangulia kwenye lenzi.

"Babu, umeipaka mafuta tena!"

Naifuta kwa shati, kisha napapasa tena.