Pikapu Iliyonivua Ovaroli

Nilivuliwa ovaroli mbele ya watu kwa sababu ya gari niliyoitengeneza ikapona.

Ndiyo, ikapona. Usinicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Mwaka 1999, Kamembe, mji wa mpakani. Ng'ambo ya daraja, Bukavu, vita ilikuwa inaendelea. Mimi Zulaikha nilikuwa mwanamke pekee kwenye garaji ya Mzee Kabera. Miezi saba naosha vipuri tu na kumeza utani.

Ijumaa moja, karibu na adhuhuri, tukasikia gari inapanda kilima kutoka mtoni.

Krrrrr! Krrrrr!

Ilikuwa pikapu nyeupe. Akashuka mama mmoja wa kitenge cha kijani, mfanyabiashara wa Bukavu, Maman Marguerite.

"Nikikanyaga mafuta, inalia. Nikiachilia, inanyamaza. Iko na nini?"

Mzee Kabera akaiwasha, akakanyaga mafuta gari ikiwa imesimama. Kimya. Akaipeleka barabarani: krrrrr! Akarudi anafuta mikono.

"Bwati ya vitesi imekufa, Maman. Giaboksi nzima inatoka."

Mdomo ukaniponyoka. "Mzee, hiyo si giaboksi."

Garaji nzima ikacheka. Kabera hakucheka.

"Basi tengeneza wewe. Nikirudi kutoka msikitini nikasikia hiyo kelele, unavua ovaroli unarudi kuuza visamaki vya sambaza na mama yako."

"Sawa," nikasema. Hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

Wanaume wakaenda kuswali. Tukabaki wawili.

Jamani, gari iliyosimama bila gia injini yake haina mzigo. Utasikia nini? Nikamwambia Maman akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia ya kwanza, aachilie klachi kidogo kidogo. Mimi nikainamia injini.

Ikainuka upande mmoja, mithili ya mtu anayetaka kunyanyuka kitini. Feni ikagusa bati linaloizunguka.

Krrrrr!

"Zima, Maman! Nimeikamata!"

Raba inayoshikilia injini upande wa kushoto ilikuwa imekatika. Ukikanyaga mafuta injini inaruka, feni inakwaruza. Basi! Giaboksi ya mama wa watu ilikuwa nzima, na walitaka kuing'oa bure.

Nikatoa raba nzuri kwenye gari mbovu iliyolala nyuma ya garaji, nikaifunga, nikakaza buloni, yaani bolti yake, kwa spana namba kumi na saba. Tukapanda kilima, tukarudi. Kimya kabisa. Nilitaka kulia kwa furaha.

Maman Marguerite akanitangulia kulia.

"Sasa irudishe," akasema.

"Nirudishe nini?"

"Ile kelele, mutoto yangu. Basoda, benye bunduki, banasimamisha gari kwa barriere ya njia. Ya jirani yangu Mukengere balibeba. Ya nyuma yake balibeba. Yangu balijaribu, bakasikia ile kelele, bakanitupia funguo: 'Enda na takataka yako!' Niko na batoto sita kule. Hii gari njo itabatoa. Nilikuja tu kujua kama ile kelele itaniua kwa njia."

"Basi nimweleze Mzee Kabera."

"Hapana! Garaji iko na midomo mingi. Apa kwanza hutasema."

Mama wee! Kuapa ilikuwa kujivua ovaroli mwenyewe. Nilimchukia yule mama kwa dakika nzima, nasema kweli.

Kisha nikaapa.

Nikakata kipande cha kopo la mafuta ya kula ya msaada, nikakifunga karibu na feni. Nikalegeza buloni mizunguko mitatu. Nikamwonyesha: ukilegeza, feni inalamba kopo, hakuna kinachovunjika. Ukikaza, kimya. Nikampa spana yangu, akaifunga kwenye kitenge.

Mafundi walikuwa wanarudi na kanzu zao pikapu ikitoka.

Krrrrr!

Kabera alinyoosha mkono tu. Nikavua ovaroli, nikampa, nikapita katikati ya vicheko kichwa juu.

"Sambaza zinakungoja!" mmoja akapaza sauti.

"Na utakuja kununua kwangu!"

Kweli walikuja kununua, na kucheka juu yake. Wiki tano nilifunga mdomo, usiku nauma shuka.

Asubuhi moja niko sokoni, nikasikia krrrrr inaelekea garajini. Nikaacha beseni, nikakimbia.

Nikamkuta Kabera ameshika kiuno. "Si nilikuambia giaboksi, Maman?"

Maman akafungua boneti, akatoa spana kwenye kitenge, akakaza buloni mbele ya mafundi wote, akang'oa kile kipande cha kopo.

"Endesha, Mzee."

Kabera akapanda kilima, akarudi. Gari kimya kabisa.

Ndipo Maman akafunua turubai nyuma. Watoto sita, wamebanana na magodoro, wanapepesa macho kwa jua.

"Barriere tatu," akasema. "Kwa kila moja balitufukuza juu ya ile kelele. Zulaikha alimaliza kazi yako mbele hujamaliza sala."

Kabera akaingia ndani, akatoka na ovaroli yangu. Ilikuwa imefuliwa, sijui na nani.

"Rudi kazini, binti."

"Ulinivua mbele ya watu, Mzee. Sasa ivae wewe. Mimi nitashona yangu."

Nikaishona, nikafungua garaji yangu. Mteja wangu wa kwanza alikuwa pikapu nyeupe.

Mtu akikuvua ovaroli, hajakuvua ufundi. Nyamaza ukijua kwa nini unanyamaza, na usiombe radhi kwa kazi uliyoifanya sawasawa.

Kile kipande cha kopo kimening'inia mlangoni pa garaji yangu mpaka leo. Mdogo kabisa kati ya wale watoto sita ndiye anayeendesha pikapu sasa, na kila akija kubadilisha oili, anakigusa kwanza ndipo ananisalimia.