Mbuzi wa mashahidi na mashine ya Masika

Wenzangu, leo shemeji yangu karibu aniuzishe shamba langu kwa sababu ya nyama!

Mnunuzi alifika kijijini kwetu Bwera na maneno matamu. Kwa shamba hilo nichukue shilingi milioni moja leo, au milioni moja na laki moja baada ya miaka miwili.

Mbuzi wa mashahidi alikuwa jikoni tayari. Kwetu mashahidi wa mauzo wakishakula nyama hiyo, shamba limekwenda.

Shemeji akanisukuma. "Mama Masika, ngoja miaka miwili. Laki moja iko ya bure! Weka sahihi, tule."

Binti yangu Masika, yule aliyesomea biashara Kampala, ndiyo, huyo huyo, akabonyeza mashine yake ya hesabu.

"Mama, benki inaongeza asilimia kumi kila mwaka. Milioni moja ya leo, baada ya miaka miwili itafika milioni moja, laki mbili na elfu kumi. Huyu anakupunja."

Shemeji akacheka. "Mashine ya wanawake!"

Nilichemka! "Afande wa nyama, kaa chini!"

Mnunuzi akatoa noti haraka. "Basi chukua milioni moja sasa, mama."

Nikamjibu, "Hiyo ilikuwa bei ya mtu asiye na Masika."

Sikuuza. Semeni, nilikosa adabu?